Asilimia 75 ya Nini? Uchambuzi wa kisa cha baraza moja Pemba baada ya mkutano wa kisayansi wa VVU uliofanyika mtandaoni

Kisa hiki kinahusu kliniki moja ya tiba na matunzo kisiwani Pemba na kikundi cha watu wanaoishi na VVU wanaohudumiwa hapo. Majina ya watu, ya mji na ya kliniki yameondolewa, na mambo machache yasiyogusa mafunzo ya kisa yamebadilishwa ili mtu asitambulike. Waliotajwa humu wameridhia kisa kiandikwe. Mwandishi ni mtoa ushauri nasaha wa kliniki hiyo na mmoja wa watatu waliofanya makosa yanayoelezwa.

Usuli

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waligunduliwa Zanzibar mwaka 1986. Hadi leo kiwango cha maambukizi katika jamii kwa ujumla kiko chini ya asilimia 1, na mzigo mkubwa umeangukia makundi machache yaliyo katika hatari zaidi. Uchache huo ni jambo la kushukuru, lakini kwa mtu anayeishi na VVU una maana nyingine pia. Katika mji ambao watu wanajuana kwa ukoo, kwa msikiti na kwa mtaa, yeye ni mmoja kati ya wachache, na siri yake ikivuja haina umati wa kujifichia. Wateja wetu kadhaa huacha kliniki iliyo karibu na kwao wakapanda gari hadi wilaya nyengine kuchukua dawa, na tumejifunza kutowauliza kwa nini.

Kikundi chenyewe kilikuwa na watu ishirini na kitu, wengi wao wanawake, wakikutana mara moja kwa mwezi katika chumba cha nyuma cha jengo la kliniki. Walikuwa na grupu la WhatsApp ambalo jina lake halikugusa afya kabisa. Karibu wote walikuwa wakitumia kidonge kimoja kwa siku chenye dawa ya kufubaza VVU iitwayo dolutegraviri ndani yake.

Mkutano tunaouzungumzia ni HIVR4P, mkutano wa kimataifa wa utafiti wa kinga ya VVU. Ulianza Cape Town mwaka 2014, ukafanyika Chicago 2016 na Madrid 2018, na ulikuwa urudi Cape Town Oktoba 2020. UVIKO-19 ikazuia safari, mkutano ukahamishiwa mtandaoni na kugawanywa sehemu mbili: tarehe 27 na 28 Januari, kisha tarehe 3 na 4 Februari 2021. Kwa watumishi wa kliniki ya Pemba hilo lilikuwa jambo kubwa. Hakuna kati yetu aliyewahi kufikiri kwamba angesikia matokeo ya majaribio makubwa kutoka vinywani mwa watafiti wenyewe, siku ile ile yanapotangazwa. Tulijiandikisha watatu: daktari, mteknolojia wa dawa na mimi. Wazo la kuwaletea wanakikundi yale tutakayoyasikia lilikuwa langu, na nililipenda mno kiasi cha kutolichunguza.

Mambo yalivyokwenda

Jumatano ya tarehe 27 tulikaa ofisini kwa daktari na kompyuta moja. Umeme wa Pemba hutoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari, na siku ile ulikatika mkutano ukiwa unaendelea. Daktari akahamia kwenye simu yake kwa bando alilokuwa nalo, nasi tukamwinamia pande zote mbili. Alipofanikiwa kurudi hewani, wasilisho la majaribio ya kinga yaitwayo AMP lilikuwa limefika mbali. Kwenye kioo cha simu maandishi ya slaidi hayakusomeka, tukategemea masikio. Katika daftari la daktari, ukurasa wa siku ile una mistari sita, na kitu kimoja kimezungushiwa duara: 75%.

Jumamosi ya tarehe 30, baada ya sala ya alasiri, tulifanya baraza. Walikuja kumi na wanane. Daktari alizungumza kwa muda wa nusu saa, na mimi nikawa nageuza maneno yake ya kitaalamu kuwa ya kawaida. Alieleza kwamba kuna kingamwili, yaani protini ya kukabili virusi, iliyotengenezwa maabara, huingizwa mwilini kwa dripu kila baada ya wiki 8, na kwamba imezuia virusi kwa asilimia 75. Akaeleza pia kwamba kuna sindano iitwayo kabotegraviri, nayo huchomwa kila baada ya wiki 8, imefanya vizuri sana kwa wanawake wa Afrika. Mteknolojia wa dawa, kwa nia ya kukamilisha habari, akaongeza kwamba Marekani ilikuwa imeidhinisha sindano hiyo hiyo ya kabotegraviri, ikichomwa pamoja na dawa nyengine iitwayo rilpivirini mara moja kwa mwezi, kwa ajili ya watu ambao tayari wana VVU. Idhini hiyo ilitoka kweli tarehe 21 Januari 2021. Kila kilichosemwa, kikichukuliwa peke yake, kilikuwa na ukweli ndani yake.

Maswali yalikuwa machache, nasi tukadhani ni dalili ya kuelewa.

Usiku ule mwanakikundi mmoja, mama wa makamo anayeaminiwa na wenzake, alirekodi ujumbe wa sauti kwenye grupu kwa ajili ya wale ambao hawakufika. Alisema kwamba dripu imepatikana, inaua virusi kwa asilimia 75, inawekwa kila miezi miwili, na aliyewekwa hana haja ya vidonge tena. Alisema kwa furaha, na kwa sauti nzuri inayoeleweka. Kabla ya Jumapili kwisha ujumbe ulikuwa umetoka nje ya grupu. Mmoja wa wanakikundi alimpelekea dada yake anayejua hali yake, na dada akaupeleka kwenye grupu la ukoo kama habari njema ya jumla.

Jumatatu asubuhi wateja watatu walikuja kliniki kuulizia dripu. Wa tatu, bibi wa zaidi ya miaka sitini, alinieleza kwa utulivu kwamba tangu Jumamosi usiku hajameza kidonge, kwa sababu alitaka mwili wake uwe mtupu dripu itakapofika.

"Bibi, nani kakwambia uache dawa?" nilimuuliza.

"Nyinyi wenyewe, mwanangu. Si mlitwambia Jumamosi?"

Mchana wa siku hiyo ilikuja habari nzito zaidi. Mama aliyerekodi ujumbe alipigiwa simu na jirani yake. Jirani hakuwa na ubaya. Aliusikia ujumbe kwenye simu ya shemeji yake, akaitambua sauti, akataka tu kujua yeye mambo ya dripu ya UKIMWI kayapata wapi.

Maamuzi na sababu zake

Tulikaa watatu mchana ule ule. La kwanza halikuwa na ubishi: bibi alirejeshewa dawa hapo hapo kliniki, akameza kidonge mbele yangu, na mwelimishaji rika akapangiwa kupita kwake kila jioni kwa wiki moja. Wateja wengine wawili hawakuwa wameacha dawa. Tukapiga simu kwa wanakikundi wote, mmoja mmoja, kuuliza swali moja tu: leo umekunywa dawa? Hatukuanza na masahihisho ya sayansi, kwa sababu masahihisho yangeweza kuchukua siku kadhaa ilhali dozi ya leo ni ya leo.

La pili lilituchukua muda. Daktari alitaka kurekodi ujumbe wake mwenyewe wa kusahihisha na kuutuma kwenye grupu, akiamini kwamba sauti ya daktari ingemaliza mambo. Nilimpinga. Ujumbe wa kwanza ulishaonyesha kwamba kinachoingia kwenye grupu hutoka, na sauti ya daktari wa kliniki ile ingemwambia kila msikilizaji kwamba hili ni grupu la wateja wake. Mimi nilipendekeza kitu ambacho leo naona kilikuwa kibaya zaidi: mama aliyerekodi ujumbe wa kwanza arekodi wa pili, kwa kuwa wenzake wanamwamini. Nilimfuata nyumbani kumwomba. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanijibu kwamba sauti yake imeshafika asikotaka ifike, na hataiongezea safari. Aliniaibisha kwa haki. Nilikuwa nikimfikiria kama chombo cha kurekebisha kosa letu, wakati yeye ndiye aliyeumizwa nalo kuliko wote.

Kwa hiyo tuliamua mambo matatu kwa pamoja. Masahihisho yangetolewa ana kwa ana, kliniki au kwa waelimishaji rika wanaowatembelea watu, wala si kwa sauti kwenye simu. Kwenye grupu ungewekwa ujumbe mfupi wa maandishi, usiotaja kikundi, kliniki wala neno "sisi", unaosema tu kwamba dawa hizo za sindano na dripu bado hazijafika nchini kwetu na kwamba hakuna anayetakiwa kuacha vidonge. Na kabla ya baraza jingine lolote, sisi watatu tungerudia sayansi yenyewe tangu mwanzo mpaka kila mmoja aweze kuieleza bila daftari.

Kwa upande wa jirani, mama mwenyewe aliamua la kumjibu: kwamba aliisikia habari hiyo kwenye semina ya afya ya wanawake. Hatukumshauri vyengine. Siri ni yake, na njia ya kuilinda ni yake pia.

Matokeo

Bibi alikosa dozi mbili, ya Jumamosi usiku na ya Jumapili. Kipimo chake cha wingi wa virusi kilichofuata, kwa ratiba yake ya kawaida, kilionyesha virusi bado vimefubaa. Hatukugundua mwengine aliyeacha dawa. Mama aliyerekodi ujumbe hakuja kwenye mikutano miwili iliyofuata. Mkutano wa tatu alikuja, akakaa karibu na mlango. Jirani hakuuliza tena, lakini mama anasema kwamba hajui kama ni kwa sababu aliridhika au kwa sababu alielewa. Madhara ya aina hiyo hayana kipimo cha maabara, na kwa hivyo ni rahisi kuyaacha nje ya ripoti. Mimi nayahesabu kuwa ndiyo madhara makubwa ya kisa hiki.

Uchambuzi: namba iliyosafiri bila mwenziwe

Turudi kwenye ile asilimia 75, kwa sababu kosa la kitaalamu lilianzia hapo. Majaribio ya AMP yalihusu watu 4,623 wasio na VVU. Moja lilikuwa la wanawake 1,924 katika nchi za kusini na mashariki mwa Afrika, Tanzania ikiwemo kupitia Mbeya. Jengine lilikuwa la wanaume wanaofanya ngono na wanaume na watu waliobadili jinsia 2,699 katika Marekani, Peru, Brazili na Uswisi. Washiriki walipewa dripu 10, moja kila baada ya wiki 8. Baadhi walipata kingamwili iitwayo VRC01 na wengine maji ya dripu yasiyo na dawa. Tokeo kuu lilikuwa hili: kwa jumla, kingamwili haikuzuia maambukizi kwa kiasi kinachoweza kutofautishwa na bahati. Ile asilimia 75 ilipatikana pale watafiti walipotazama peke yake virusi ambavyo VRC01 inaviweza, na virusi vya namna hiyo vilikuwa takriban asilimia 30 tu ya vile vilivyokuwa vikizunguka katika maeneo ya utafiti.

Tokeo kuu lilitajwa wakati sisi tukihangaika na umeme na bando. Tulichokikuta tuliporudi ni tokeo la pili, lenye namba kubwa na linalokumbukika. Hata hivyo, kukatika kwa umeme si udhuru wa kutosha. Siku mbili nzima zilipita kati ya Jumatano na baraza, na katika siku hizo hakuna kati yetu aliyeuliza swali ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeuliza: asilimia 75 ya nini? Tulikuwa tumefurahi, na furaha ilitutosha mahali pa uhakika.

Namba ya kabotegraviri nayo ilihitaji mwenziwe. Utafiti wa sindano hiyo, uitwao HPTN 084, ulikuwa wa wanawake wasio na VVU 3,224 katika nchi saba: Afrika Kusini, Botswana, Eswatini, Kenya, Malawi, Uganda na Zimbabwe. Waliopata VVU katika kundi la sindano walikuwa 4, na katika kundi la vidonge 36. Tofauti hiyo ni kubwa mno, na mtu yeyote anayeifanya kazi hii ana haki ya kuifurahia. Lakini wale 36 hawakuwa watu waliokosa kinga. Walikuwa wakipewa vidonge vya dawa kinga, ile ambayo wengi huiita PrEP, na vidonge hivyo hufanya kazi vizuri vikimezwa kila siku. Shida ya wengi wao ilikuwa ni kumeza kila siku. Utafiti ulikuwa ukilinganisha kinga na kinga. Ukiondoa nusu hiyo ya habari, msikilizaji hubaki na hadithi ya dawa inayoshinda na dawa inayoshindwa, na kwa kuwa dawa anayoijua yeye ni kidonge, atahitimisha kwamba kidonge chake ndicho kilichoshindwa. Hivi ndivyo alivyohitimisha yule bibi, na kwa habari tulizompa hakukosea kufikiri.

Baraza la pili, katikati ya Februari, lilikwenda vizuri zaidi, na sifa haziendi kwetu. Tulipoeleza habari ya virusi vinavyozuilika na visivyozuilika, mvuvi mmoja wa kikundi alitukatiza akasema kwamba hilo ni jambo la macho ya nyavu. Ukitupa nyavu za macho makubwa, changu watanasa wengi, hata robo tatu yao. Dagaa watapita wote. Sasa kama katika bahari hiyo kila samaki kumi, watatu ndio changu, utarudi pwani useme umemaliza samaki? Chumba kizima kilielewa. Akauliza mwengine: basi si wafunge nyavu mbili tatu za macho tofauti? Ndicho hasa watafiti walichosema kuwa hatua inayofuata, kuunganisha kingamwili zaidi ya moja. Nilikaa mwaka mzima nikijiuliza kwa nini sikuanza kwa kuwauliza watu wale wao wangelielezaje jambo hilo, badala ya kuwaletea maelezo yaliyokwisha pikwa.

Uchambuzi: sauti ni jina

Kliniki yetu ilikuwa na kanuni nzuri za usiri kwenye karatasi. Majina hayaandikwi, picha hazipigwi, grupu lina jina la kawaida. Hakuna aliyefikiri kwamba sauti nayo inamtambulisha mtu. Mjini kwenye watu wengi labda ujumbe wa sauti usio na jina unaweza kupita; Pemba haupiti. Mtu husikia maneno matatu akajua msemaji ni wa shehia gani, na kwa maneno kumi akamjua yeye mwenyewe.

Hapa pana jambo ambalo wanaopenda mikutano ya mtandaoni, nami nikiwa mmoja wao, hawana budi kulitazama. Mkutano wa mtandaoni ulituletea sayansi kwa njia ya simu, na tukachukulia kwamba simu hiyo hiyo ndiyo njia ya kuifikisha kwa watu. Mtafiti anapozungumza mtandaoni anataka asikike na wengi kadiri inavyowezekana, na akitambuliwa ni heshima kwake. Mwanakikundi wetu alihitaji kinyume chake. Baraza letu halikuwa na neno hata moja la kuwaongoza watu juu ya nini cha kufanya na habari wanayotoka nayo, nani wa kumwambia na kwa njia gani. Yule mama alifanya alichofanya kwa upendo kwa wenziwe, na sisi tulikuwa tumemwacha peke yake na jukumu ambalo lilikuwa letu.

Uchambuzi: mkutano usiowahusu

Nimeliweka mwisho jambo ninaloamini kuwa mzizi wa kisa chote. HIVR4P ni mkutano wa kinga. Karibu kila jambo linalojadiliwa hapo linahusu mtu ambaye hajaambukizwa. Waliokaa mbele yetu Jumamosi ile walikuwa ni watu kumi na wanane wanaoishi na VVU. Tuliwachagulia mkutano kwa sababu ulikuwa umetufungukia sisi, wala hatukujiuliza kama una jibu la maswali yao. Mtu anapoitwa kusikia habari za ugonjwa wake, hutafuta ndani ya habari hizo lile linalomhusu yeye. Asipolipata, hulitengeneza kwa vipande anavyopewa. Nyongeza ya mteknolojia wa dawa juu ya sindano ya matibabu iliyoidhinishwa Marekani ndiyo ilikuwa habari pekee ya jioni ile iliyowagusa, nayo ilitolewa kwa sentensi moja, mwishoni, bila kusemwa kwamba haipo katika kliniki zetu. Wasikilizaji waliichukua sentensi hiyo wakaivika dripu, wakaivika asilimia 75, na kwa mtazamo wao walikuwa wamekusanya habari moja iliyo kamili.

Kwa hiyo sikubaliani na wale wenzangu wa wilayani waliosoma rasimu ya kisa hiki na kusema kwamba tatizo ni elimu ndogo ya wateja. Walifikiri sawasawa kutokana na walichopewa.

Tulichobadilisha

Baraza sasa huanza na maswali ya wanakikundi, yanayokusanywa wiki moja kabla na mwelimishaji rika, na sisi hutafuta mkutano au utafiti unaoyajibu. Kila namba husemwa pamoja na mambo matatu: ilipimwa kwa nani, ililinganishwa na nini, na je, kitu chenyewe kinapatikana Zanzibar leo. Kabla ya kuondoka, wanakikundi wawili hueleza mbele ya wenzao walichokielewa, nasi tunanyamaza mpaka wamalize. Ujumbe wa sauti juu ya mambo ya baraza umeachwa kwa makubaliano ya wanakikundi wenyewe, na anayetaka habari huzipata kwa mdomo.

Katika orodha ya kwanza ya maswali tuliyokusanya kwa utaratibu huu mpya, swali la juu kabisa lilitoka kwa yule bibi. Aliuliza kama katika mikutano hiyo mikubwa kuna anayezungumzia watu wa umri wake, waliokunywa dawa hizi miaka mingi, ambao sasa wana presha na sukari juu yake. Daktari aliliandika kwenye daftari lake na kulizungushia duara.